Mkandafarasi

Mwezi uliopita nililetewa kijitabu chembamba cha kurasa 32, cha kufundishia masaisi wa farasi wa mbio. Nilikitafsiri mimi mwenyewe, na nilikaa nacho wiki 6, usiku mwingine nikilala na neno moja na kuamka nalo. Nilipofika ukurasa wa 14 nikakuta neno hilo limefutwa. Pale nilipoandika "mkandafarasi" pamechapwa "mtaalamu wa tibamaungo ya ekwini". Hakuna aliyenipigia simu wala aliyeniandikia mstari mmoja. Nilipouliza nikaambiwa kwamba kikao cha istilahi kilikaa, kikajadili, kikapitisha, na kwamba neno langu lilionekana "la jikoni".

Nimenyamaza wiki tatu. Sasa naomba nafasi ya kusema.

Kazi yenyewe, ya kumpunguzia farasi maumivu kwa mikono, sihitaji kuieleza zaidi. Aliyewahi kumwona mtu amesimama ubavuni mwa farasi wa mbio, viganja vimelala mgongoni, macho yakitazama masikio ya mnyama, anaijua. Ninachogombea ni jina lake.

Nianze na ekwini, kwa kuwa ndilo linaloniuma zaidi. Kwa Kilatini equus ni farasi, na equinus ni kitu cha farasi. Wenzetu wa kikao wametoka Kiswahilini, wakavuka bahari mbili hadi Roma kumtafuta farasi, na farasi alikuwa amefungwa mlangoni kwao. Farasi ni neno lililokwisha kukaa. Tumelipokea kutoka Kiarabu, faras, na ulimi wa Mswahili ukalimalizia kwa irabu kama ulivyo mtindo wake. Wapo wanaolihusisha na Fars ya Uajemi, ati kwa kuwa farasi walitoka huko. Huko ni kudanganywa na sauti. Shina lake ni la Kisemiti, konsonanti tatu, f-r-s, na lina ukoo mpana. Mpanda farasi kwa Kiarabu ni faris, nasi tukalichukua kuwa farisi, mtu stadi, hodari wa jambo lake. Kutoka shina hilohilo Waarabu wana firasa, ujuzi wa kutambua yaliyo ndani kwa kutazama yaliyo nje. Tazama basi utajiri uliomo katika neno moja: mnyama, ustadi, na jicho linalosoma undani. Anayemshika farasi mgongoni ili ajue wapi panamuuma anahitaji yote matatu. Ekwini inampa nini?

Tena kijitabu hichohicho kimemwacha saisi abaki saisi, na kwa hilo nawashukuru. Saisi naye ni Mwarabu wa zamani aliyekwisha kuwa mwenyeji. Ni mtunza farasi, na ndugu yake wa damu ni siasa, kwani kitenzi kilichowazaa wote wawili kilihusu kulea na kuongoza wanyama. Kama saisi hakutakiwa kupitia Roma ili aingie kitabuni, mwenzake anayefanya kazi hatua mbili kutoka kwake amekosa nini?

Na tusisahau kwamba lugha hii ilijua mwendo wa mnyama wa kupandwa kabla ya kikao chochote. Pwani yetu ni ya punda kuliko farasi, Lamu ni shahidi hadi leo, na waliokaa na punda walimjua anapokwenda telki, hatua za upesi, anapokwenda matiti, mbio ndogo, na anapopiga shoti, mbio kamili. Mtu anayechunguza maumivu ya farasi huomba kwanza atembezwe taratibu, kisha aende matiti katika mstari ulionyooka, maana mwendo wa matiti ndio unaofichua mguu unaochechemea: kichwa hupanda mguu mbovu unapogusa chini, hushuka mguu mzima unapopokea. Mahali pa matiti kijitabu kimeandika "mwendokasi wa wastani". Hilo nalo ningeligombea, lakini leo nina moja.

Sasa tibamaungo. Najua ni neno lenye heshima yake, limo kamusini, na kwa binadamu sina ugomvi nalo. Lakini maungo ni mahali palipoungwa. Farasi hana mtulinga. Mfupa huo ambao mimi na wewe tunaupapasa chini ya shingo, yeye hakupewa. Miguu yake ya mbele, ambayo hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake, haikuungwa na kiwiliwili kwa kiungo chochote cha mfupa kwa mfupa. Kifua chake kimening'inia katikati ya miguu hiyo kama mtoto katika mbeleko, kimeshikwa na misuli na kano tu. Mbeleko hiyo ndiyo inayochoka farasi wa kilo 500 anapotua kwa mguu mmoja katika shoti, na hapo ndipo mikono ya fundi inapokaa muda mrefu kuliko mahali pengine. Kwa hiyo pale penye kazi kubwa kuliko zote hapana ungo. Neno limekosea mahali penyewe.

Na hata palipo na viungo, farasi huwachanganya wasomi. Kile ambacho saisi anakiita goti la mbele, kwa mpangilio wa mifupa ni kifundo cha mkono; goti la kweli liko nyuma, juu, karibu na tumbo. Chini ya goti hilo la saisi mnyama anasimama juu ya kidole kimoja, kile cha kati, na ukwato wake ni ukucha. Anayetaka kulijenga jina la kazi hii juu ya viungo ajiulize kwanza ni viungo vipi.

Nina neno pia kuhusu tiba. Kutibu mnyama ni jambo la sheria. Kenya ina sheria ya mwaka 2011 ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao; Uingereza, ambako kazi hii ina mizizi mirefu, sheria ya mwaka 1966 imeuweka uchunguzi na utibabu mikononi mwa daktari, na mtu wa viungo hufanya kazi kwa maelekezo yake. Fundi mzuri anaujua mpaka huo kuliko sisi wanamaneno. Kuna ugonjwa wa misuli kukaza ghafla, ambao zamani Waingereza waliuita ugonjwa wa Jumatatu asubuhi, kwa sababu farasi wa mikokoteni walipumzishwa Jumapili na kulishwa nafaka kipimo kilekile, na Jumatatu wakitolewa kazini hukakamaa, jasho likiwatiririka, na mkojo kugeuka rangi ya kahawa. Misuli inakufa, na figo zimo hatarini. Farasi wa mbio nao huupata. Anayekanda akikutana na mgongo mgumu kama ubao wa namna hiyo, anaondoa mikono na kumwita daktari. Hamtembezi mnyama, hamsukumi, hambonyezi. Ukimwita mtu huyu wa tiba, unampa madaraka ambayo yeye mwenyewe anayakataa. Kuna bwana mmoja, simtaji, aliyekuja na "baitari wa viungo". Baitari ni neno tamu, Waarabu walilipata kwa Wagiriki waliosema hippiatros, tabibu wa farasi, na siku tukitaka jina fupi la daktari wa mifugo nitalipigia kura. Lakini baitari ni daktari, na hoja yangu ni ileile.

Basi watu wa kazini wanasemaje? Nilikwenda kusikiliza kabla sijaandika herufi moja, jambo ambalo sina hakika kikao kilifanya. Ilikuwa Jumatatu, mbio zilikuwa za jana yake, katika mabanda ya upande wa uwanja wa Ngong, Nairobi, ambako Jockey Club of Kenya huendesha mbio zake. Saisi kijana alikuwa ameshika kamba ya farasi jike wa miaka minne, wa rangi ya kahawia iliyoiva.

"Mzee, simama huku mbele, asikupige teke," akaniambia.

Akaingia mama mmoja wa makamo, mikono mitupu. Hakuwa na mashine wala chupa ya mafuta. Alisalimia, akamwendea mnyama kwa bega, akaweka nyuma ya kiganja chake shingoni, kwa kuwa nyuma ya kiganja hutambua joto haraka. Akashuka nacho taratibu hadi mgongoni, upande wa kushoto, kisha akarudia kwa ncha za vidole. Nyuma kidogo ya mabega, pale tandiko linapolalia, ngozi ilitetemeka kama inayofukuza inzi, na inzi hakuwapo. Sikio la kushoto likageuka. Mkia ukapigwa mara moja. Mama hakubonyeza. Alilaza kiganja palepale akangoja, na ule mtetemo ulipotulia ndipo akaweka kiganja cha pili juu ya cha kwanza, akarudisha mguu mmoja nyuma, na kuanza kusukuma kwa uzito wa mwili wake, mikono imenyooka, akifuata ule msuli mrefu unaopita kando ya uti wa mgongo hadi kiunoni. Alikwenda nao polepole sana. Baada ya muda farasi aliinamisha kichwa, mdomo wa chini ukalegea, akaanza kulamba na kutafuna bila kitu kinywani, kisha akapiga mwayo mkubwa nikaona meno yote.

"Hapo ndipo kazi inaanza," mama akasema, wala hakugeuka.

Nikamwuliza saisi kwa sauti ya chini, "Mama anafanya nini?"

Akaniangalia kama nimemwuliza jua linatoka wapi. "Anamkanda." Na akaongeza, akionyesha banda la pili kwa kidevu, "Yule mweusi bado kukandwa."

Kikao kingekaa mwezi mzima kisingepata neno zaidi ya hilo.

Najua hoja ya wapinzani wangu walio karibu nami zaidi, wale wa kuchua. Hawa nawaheshimu, kwa kuwa wanasema kwa lugha ya nyumbani. Magazeti ya michezo ya Dar es Salaam yametuzoesha mchua misuli, yule wa benchi la ufundi anayekimbia uwanjani na begi lake mchezaji akianguka. Kwa nini basi tusiwe na mchua farasi? Na wana silaha nzuri: kuchua ndiko kulikozaa kuchuana. Farasi wawili wakiingia mita 200 za mwisho ubavu kwa ubavu, Mswahili husema wanachuana, na ni neno linalokaa pale kama pete kidoleni. Nililala na hoja hiyo siku nyingi. Mwishoni nikaona inanisaidia mimi. Wanaochuana ni farasi. Ni haki yao, tuwaachie neno lao.

Tena kuchua kunakwenda juu ya ngozi. Mkono unateleza, mafuta yanasaidia, joto linatokana na msuguano. Farasi ana manyoya. Ukimsugua kinyume cha manyoya yake unamkera, ukimpaka mafuta unakusanya vumbi la banda zima. Kukanda kunashuka: mkono unakaa mahali pake na uzito unaingia ndani. Na misuli nayo si kila mahali. Chini ya goti la mbele farasi karibu hana msuli, ni kano, mfupa na ngozi, na kano ya nyuma ya mguu ndiyo inayowaondoa farasi wengi mbioni. Fundi hupitisha vidole hapo kila siku akitafuta joto na uvimbe. Anayechua misuli angekuwa hana kazi hapo. Anayekanda hajataja kiungo wala msuli. Ametaja mikono yake.

Sasa nirudi kwenye kosa langu la jikoni. Naam, kukanda ni neno la jikoni, na naliandika kwa fahari. Mwangalie mwanamke wa Mombasa akikanda unga wa chapati. Anausukuma kwa kitako cha kiganja, anaukunja, anaugeuza, na anajua kwa vidole, bila saa wala kipimo, wakati wa kuuacha ulale. Hakuna ujuzi wa mikono uliokamilika kuliko huo, na ndio uleule niliouona Ngong. Lakini neno halikubaki jikoni. Mzazi akijifungua hukandwa kwa maji ya moto, asubuhi na jioni, na nyumba nyingi huzihesabu siku hizo hadi arobaini. Mguu ulioteguka hukandwa. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Unguja, katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, anaeleza jinsi wakubwa wa nyumba walivyokandwa viungo hadi usingizi uwachukue. Kutoka mwanamwari wa jumba la kifalme hadi mzazi wa kijijini, kitenzi ni kimoja. Kina jamaa pia: kukandika ukuta kwa udongo, ambako ni kazi ya kiganja, na kukandamiza, ambako uzito umezidi rehema. Siku hizi mitaani wana kumkandia mtu, yaani kumsema vibaya, na mjumbe mmoja wa kikao, nimeambiwa, alilitumia hilo kunikatalia. Kwa hoja hiyo tusingepiga simu wala pasi, kwa kuwa watu hupigana.

Wengine wangependa masaji. Wapo wanaolipeleka neno hilo kwa Kiarabu, kwenye kitenzi cha kugusa. Wapo wanaolipeleka kwa Wareno, ambao amassar kwao ni kukanda unga. Kama wa pili wana haki, basi Mreno naye alitazama jikoni akaona mwili, kama sisi. Ya nini tununue kwake tulicho nacho?

Na wale wanaoshikilia fiziotherapia kwa sababu ya uzito wa Kigiriki, nawaalika tuufuate Ugiriki pamoja. Physis ni maumbile. Therapeia, kabla haijawa tiba, ilikuwa huduma, na mwenye kuitoa alikuwa therapon, msaidizi aliye karibu na bwana wake. Katika utenzi wa Homer juu ya vita vya Troya, therapon wa shujaa Achilles ni Patroclus. Na Patroclus alipouawa, farasi wa Achilles walisimama wakaomboleza, na inaelezwa kwamba marehemu alikuwa akiwaosha kwa maji safi na kuwamiminia mafuta kwenye singa zao. Huyo ndiye therapon: mtu mwenye mikono juu ya farasi. Ukilichimba neno lao la kitaalamu hadi chini kabisa unamkuta saisi na mkandaji wamesimama kando ya mnyama.

Historia ya karibu inasema vivyo hivyo. Charles Strong wa Uingereza alikuwa mtu wa viungo vya binadamu. Alimhudumia mcheza polo Lord Mountbatten, na Mountbatten akamwomba awatazame na farasi wake wa polo. Jack Meagher wa Marekani alianza kwa wanamichezo, kisha akawa na timu ya wapanda farasi ya nchi yake kwa Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976. Mikono ilitoka kwa mtu ikaenda kwa farasi bila kubadilika. Lugha inayotumia kitenzi kimoja kwa mzazi, kwa mchezaji na kwa farasi imeifahamu historia hiyo bila kuisoma.

Umbo lake ni la kale: mfanyakazi, mfanyabiashara, mfuachuma, mpigakura. Mkandafarasi mmoja, wakandafarasi wengi, kazi yao ukandafarasi. Farasi amekandwa, anakandwa, bado kukandwa. Punda akikandwa, anayemkanda aitwe mkandapunda.

Wakati wa kufunga makala hii nimepata habari kwamba kijitabu kitachapwa tena, kwa kuwa nakala za kwanza zimekwisha. Sidai malipo mapya wala jina langu kwenye jalada. Nawaomba wahariri, na wajumbe wa kikao ambao bila shaka wanalitakia mema neno la Kiswahili kama mimi: twendeni Ngong asubuhi ya Jumatatu, nitawapitia mwenyewe. Simameni mbele, upande wa saisi, msikilize anavyosema. Kisha fungueni ukurasa wa 14, mstari wa tatu, mrudishe alichokisema.